Mlima wa Machipuko Huendwa Alfajiri

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu theluji, hasa theluji ya Machi, Aprili na Mei, ile inayobaki juu milimani wakati mabondeni maua yameshachanua na watu wameshavua makoti. Nazungumza na yeyote anayependa milima, lakini moyoni nina watu fulani: ndugu zetu wanaoishi Denver, Salt Lake City, Geneva na Oslo, ambao watoto wao wamekulia kwenye theluji na sasa wanaalikwa na rafiki zao kupanda kule ambako hakuna lifti, hakuna uzio na hakuna mlinzi. Mialiko ya namna hiyo huongezeka majira ya machipuko, siku zikiwa ndefu na jua likiwa tamu. Na hilo jua tamu ndilo ninalotaka tuliangalie vizuri.

Twende kwanza Uswisi. Katika milima ya Alpi kuna nyumba za mawe na mbao zilizojengwa juu kabisa, mbali na barabara, ambamo wasafiri wa mlimani hulala. Jioni, watu wakishamaliza supu, msimamizi wa nyumba hutaka kujua kila kundi linakwenda wapi kesho na litakula saa ngapi. Mwezi wa Aprili jibu huwa saa kumi alfajiri, na wenye safari ndefu husema saa tisa usiku. Gizani watu hunywa chai bila maneno mengi, hukaza viatu, huwasha taa za kichwani na kutoka. Theluji ya saa hiyo ni ngumu. Inalia chini ya kiatu na inambeba mtu mzima bila kuzama hata inchi moja. Watu hao hao, ikifika saa tano asubuhi, wameshapanda, wameshateleza kwa skii hadi chini, na wamekaa nje ya nyumba wakikausha soksi. Kwao safari ya siku hiyo imekwisha, wakati mgeni aliyelala bondeni ndiyo kwanza anafunga mkoba.

Tofauti kati ya watu hawa wawili ni saa chache tu, na saa hizo chache ndizo zinazotenganisha safari na msiba. Nitaeleza kwa nini.

Usiku wa machipuko, anga likiwa wazi, theluji hupoteza joto lake kwenda juu. Maji yaliyoyeyuka mchana huganda upya, chembe za theluji hushikana, na juu hufanyika gamba linaloweza kubeba uzito. Hata hewa ikiwa juu kidogo ya nyuzi sifuri, uso wa theluji unaweza kuganda, mradi hewa iwe kavu na mbingu iwe safi. Mawingu yakitanda usiku kucha, joto halipati pa kutokea, na kunapambazuka theluji ikiwa bado chepechepe. Ndiyo maana kiongozi mzoefu, kabla hata ya kuvaa viatu, hutoka nje kuangalia kama nyota zinaonekana. Asipoziona, akakanyaga theluji mlangoni na mguu ukazama, safari imebadilika papo hapo: ama watakwenda mahali pasipo na mwinuko mkali, ama watarudi kulala.

Kisha jua huchomoza. Katika milima hii ya kaskazini mwa dunia, mteremko unaotazama mashariki ndio hupigwa kwanza, unafuata wa kusini, na alasiri zamu ni ya magharibi. Gamba hulegea. Maji huanza kupenya kati ya chembe kwenda chini, na yakikuta tabaka lisilopitisha maji hutuama hapo au hutambaa juu yake. Kile kilichokuwa kimeshikwa na barafu sasa karibu hakishikwi na kitu. Watu wa Hanang, Tanzania, hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, tope na mawe viliteremka kutoka mlimani hadi Katesh na kuua watu kwa makumi. Theluji ni kitu kingine, lakini kanuni haibadiliki: uzito uko juu, maji yako katikati, na chini ni mteremko.

Maporomoko ya theluji kavu huenda kasi sana, aghalabu zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Ya theluji iliyolowa huenda polepole zaidi, na wapo wanaodhani kwa hiyo ni ya kukimbiwa. Hayakimbiwi. Uzito wake hung'oa miti na kubeba mawe, na yanaposimama hukaza kiasi kwamba aliyefukiwa hawezi kusogeza hata kidole.

Mlima hutoa dalili, na dalili za machipuko zinasomeka hata na mtu asiye mtaalamu. Ya kwanza ni miguu yako. Alfajiri kiatu hakizami; baadaye kinazama kidogo, uso ukiwa umelainika sentimita mbili tatu, na hapo ndipo wanaskii husema theluji imeiva. Ni raha isiyo na kifani na huwa haidumu. Kikianza kuzama hadi kifundo, muda umekwisha. Kikizama hadi katikati ya muundi, umechelewa. Dalili ya pili ni vidonge vya theluji vinavyojiviringisha vyenyewe kutoka chini ya miamba na miti, vikiacha mistari mteremkoni, kimoja, halafu vitano, halafu usivyoweza kuhesabu. Ya tatu ni mkono wako: chukua theluji, ikamue, ikichuruzika maji, ondoka hapo. Na ukiona nyufa ndefu zimefunguka juu ya mteremko, zile zinazoonyesha theluji yote inateleza juu ya nyasi au jiwe, usipite chini yake saa yoyote. Theluji hiyo haifuati ratiba ya jua. Inaweza kukatika hata usiku wa manane.

Mvua ni hatari kuliko jua. Jua hupasha uso. Mvua huingia ndani na kuongeza uzito kwa wakati mmoja. Marekani wanacho kisa cha kihistoria cha kuthibitisha hili. Mwishoni mwa Februari 1910, treni mbili, moja ya abiria na nyingine ya barua, zilikwama kwa siku kadhaa katika kituo kidogo cha reli kiitwacho Wellington, kwenye milima ya Cascade, jimbo la Washington. Theluji ilikuwa imeanguka mfululizo na njia zote zimezibika. Halafu hewa ikapata joto, theluji ikageuka mvua, radi zikanguruma. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Machi, muda mfupi baada ya saa saba, upande mzima wa mlima juu ya kituo ulikatika na kuzitupa treni zote mbili bondeni. Watu 96 walikufa. Mteremko ule ulikuwa umepoteza miti yake kwa moto, kwa hiyo hapakuwa na kitu cha kuizuia theluji. Hadi leo hakuna maporomoko ya theluji yaliyoua watu wengi kuliko hayo katika nchi ile.

Siku tatu baadaye, ng'ambo ya mpaka, huko Rogers Pass nchini Kanada, maporomoko yaliziba reli. Vibarua wakaitwa usiku kwenda kuifukua. Walipokuwa ndani ya mtaro walioukata katika theluji ile, maporomoko mengine yalishuka kutoka upande wa pili wa bonde na kuwafunika. Walikufa takriban 60, zaidi ya nusu yao Wajapani waliokuja ng'ambo kutafuta riziki. Nawataja kwa makusudi. Tunapozungumzia theluji tunadhani ni habari ya matajiri na mchezo wao, lakini aliyekufa na sepetu mkononi usiku ule hakuwa amekwenda kucheza. Na mpaka leo wanaolinda barabara za milimani, wanaoendesha magari ya kusukuma theluji, wanaotegua mteremko kwa baruti kabla basi la shule halijapita, ni watu wa mshahara.

Sasa nije kwenye mteremko unaotazama kaskazini, maana hapo mambo hugeuka. Nimesema jua ndilo hulegeza theluji. Mtu akinisikia nusu anaweza kusema: basi nitajificha kivulini, nitapita upande usioona jua. Lakini kivuli kinahifadhi baridi, na pamoja na baridi kinahifadhi makosa ya msimu wote uliopita. Theluji ya mlimani si kitu kimoja. Imelala tabaka juu ya tabaka, kila dhoruba na tabaka lake, na matabaka mengine ni mabovu. Mwanzoni mwa msimu, theluji ikiwa haba na hewa ikiwa ya baridi kali, mvuke hupanda kutoka ardhini ambako kuna joto kidogo, na chembe za chini huumbika upya kuwa kubwa, zenye pembe, zisizoshikana. Ukizichota zinamwagika kati ya vidole mithili ya sukari. Colorado ina sifa mbaya kwa theluji ya namna hii. Juu ya sukari hiyo dhoruba za Januari, Februari na Machi hurundika bamba zito, na bamba hilo linaweza kukaa wiki nyingi likisubiri mtu wa kuligusa.

Wanaopima hatari hii hufanya kazi ambayo ningependa kila kijana aione mara moja. Huchimba shimo hadi chini, hunyoosha ukuta wake kwa sepetu, kisha huusoma ukuta huo kwa mikono, kuanzia juu. Wanasukuma ngumi: ikiingia, tabaka ni laini kabisa. Isipoingia wanajaribu vidole vinne pamoja, halafu kidole kimoja, halafu penseli, na mwisho kisu. Kila tabaka linaandikwa daftarini kwa kipimo chake. Wanachokitafuta ni kinyume: penseli juu, ngumi chini, yaani kigumu kilicholala juu ya laini. Baada ya hapo hukata mhimili mdogo wa theluji, huweka sepetu juu yake na kuipigapiga kwa kiganja, kwanza kutoka kifundo cha mkono, kisha kiwiko, kisha bega, wakihesabu ni pigo la ngapi litakalolifanya bamba liteleze. Ni kazi ya polepole, ya vidole vilivyokufa ganzi, na taarifa unayoisoma kwa dakika mbili kwenye simu imetokana nayo.

Uswisi walianza kazi hii mapema. Watafiti waliweka kituo chao Weissfluhjoch, juu ya mji wa Davos, mwaka 1936, na taasisi iliyozaliwa hapo, inayojulikana kwa herufi SLF, ndiyo inayotoa taarifa ya nchi nzima: saa kumi na moja jioni, na katika msimu wenyewe tena saa mbili asubuhi. Colorado wana kituo chao, CAIC. Utah wana chao. Kanada na Norwei vivyo hivyo. Hatari hupangwa kwa ngazi tano, kuanzia 1, ambayo ni ndogo, hadi 5, kubwa kupita kiasi. Majira ya machipuko taarifa huweza kutoa ngazi mbili za siku moja, moja ya asubuhi na nyingine ya mchana, na hapo msomaji mvivu huangalia ya kwanza na kufunga simu. Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: vifo vingi havitokei ngazi ya 4 wala ya 5. Siku hizo watu hukaa nyumbani. Sehemu kubwa ya wanaokufa huwa wametoka siku ya ngazi ya 3, na si wachache siku ya ngazi ya 2. Namba ya katikati huwafanya watu wadhani wameruhusiwa.

Tarehe 20 Aprili 2013, karibu na Loveland Pass, Colorado, wanaume sita waliingia mlimani wakiwa na kila kifaa kinachotakiwa. Hawakuwa wajinga. Taarifa ya siku hiyo walikuwa nayo, na walijua kwamba miteremko inayotazama kaskazini ina tabaka bovu lililozikwa ndani. Walipanga kwenda mahali palipokuwa salama zaidi, ila njia ya kufika huko ilipita chini ya mteremko ule ule waliouogopa. Wakaamua kuvuka wakiachiana nafasi. Bamba likakatika juu yao, na lilikuwa pana kuliko msururu wao wote. Wote sita walichukuliwa. Watano walikufa. Wa sita alifukiwa mwili lakini akapata nafasi ya kupumua, na alichimbuliwa saa kadhaa baadaye. Colorado haikuwa imepoteza watu wengi hivyo katika maporomoko mamoja tangu 1962.

Sisimulii haya kuwahukumu marehemu. Nayasimulia kwa sababu kila ninapoyafikiria narudi kwenye jambo moja: elimu waliyokuwa nayo ilitosha. Kilichokosekana ni umbali. Hatari huwa haiko juu ya mteremko peke yake. Iko pia chini yake, hadi pale theluji itakapoishia kukimbia, na unaweza kuitegua ukiwa chini, kwenye tambarare, kwa uzito wa mwili wako tu. Katika ajali za vifo, inakadiriwa kwamba mara tisa katika kumi maporomoko huteguliwa na marehemu mwenyewe au mtu wa kundi lake. Maana yake ni kwamba mara nyingi uamuzi ulikuwa mikononi mwao.

Mtafiti Mmarekani Ian McCammon alizichambua ajali zaidi ya 700 za nchi yake zilizotokea kuanzia miaka ya 1970. Alitaka kujua kwa nini watu waliosomea hatari hii nao wanakufa. Akakuta kwamba mafunzo huwa hayamsaidii sana mtu akiwa mahali alipopazoea. Pale alipopita mara nyingi bila kudhurika huacha kuuliza. Akakuta pia nguvu ya kushindania theluji ambayo haijakanyagwa, nguvu ya kumfuata mmoja anayeonekana kujua, na nguvu ya kutaka kukubalika na wenzako. Sidhani kuna Mswahili asiyezijua nguvu hizo. Mgeni katika kundi, pengine Mwafrika pekee kati ya watu waliozaliwa na skii miguuni, huona aibu kuuliza. Nakuomba, ndugu yangu, uliza. Swali la mgeni linaweza kuokoa kundi zima kwa sababu yeye ndiye pekee ambaye bado hajazoea.

Kuhusu namna ya kwenda, mengi huamuliwa kwenye ramani kabla ya kutoka. Bamba la theluji hukatika zaidi kwenye miteremko ya kati ya nyuzi 30 na 45. Chini ya nyuzi 30 hukatika kwa nadra, na ramani za simu siku hizi hupaka rangi maeneo yenye mwinuko huo. Kwa hiyo siku mbaya mtu hahitaji kukata tamaa. Anahitaji njia yenye mwinuko wa chini, isiyo na mteremko mkali unaoning'inia juu yake. Pakiwa hapana budi kuvuka mahali penye shaka, avuke mmoja, wengine wakimtazama wakiwa wamesimama mahali salama kweli, si katikati ya njia ya theluji. Usipumzike ndani ya makorongo. Usisogelee ukingo wa kilele ambako upepo umejenga mdomo wa theluji uliochomoza hewani, kwa maana mdomo huo hukatikia nyuma kuliko unavyodhani, na joto la machipuko ndilo huuangusha.

Na panga saa ya kugeuza. Msiipange mkiwa juu, mkiwa mmechoka na kilele kinaonekana. Ipangeni jioni, mezani, mkiwa na akili timamu. Mkisema saa nne asubuhi tunageuza, basi ikifika saa nne mnageuza, hata kama zimebaki mita mia. Heri nusu shari kuliko shari kamili. Waongoza wageni wetu wa Kilimanjaro wanalielewa hili vizuri, nao huwatoa watu kambi ya mwisho karibu na saa sita usiku. Kule hakuna maporomoko ya theluji ya aina hii, lakini kokoto zilizoganda hukanyagika vizuri kuliko zilizolegea, na ipo hatari ya mawe. Januari 2006, upande wa Western Breach, mawe yaliporomoka na kuua wapandaji watatu Wamarekani. Barafu inaposinyaa, jiwe lililoshikwa nayo huachiwa.

Vifaa ni vitatu, na kila mtu awe na vyake. Kifaa kidogo cha kurusha na kupokea mawimbi ya redio, chenye masafa ya kilohezi 457, huvaliwa mwilini chini ya koti na huwashwa tangu mlangoni. Mwenzako akifukiwa, cha kwako kinakuelekeza alipo. Ufito wa kukunja, mrefu zaidi ya mita mbili, wa kuchomea theluji hadi umguse. Na sepetu ya chuma, si ya plastiki. Wapo pia wanaobeba mkoba wenye puto linalojaa hewa na kumsaidia mtu abaki juu. Unasaidia, ila haumkingi na mti wala jabali. Aliyefukiwa kabisa akitolewa ndani ya dakika 10 hivi, nafasi ya kupona ni karibu tisa katika kumi. Nusu saa ikipita na kidogo, ni kama tatu katika kumi. Helikopta haiwezi kushindana na dakika hizo. Anayeweza ni yule aliyesimama karibu, aliyefanya mazoezi, ambaye mikono yake haihitaji kukumbushwa. Kwa hiyo kijana anayenunua kifaa Ijumaa na kwenda nacho mlimani Jumamosi bila kukijaribu hajanunua kitu. Na hata kifaa chenyewe hakizuii majeraha. Utafiti wa Kanada ulionyesha kwamba karibu robo ya waliokufa waliuawa na kipigo cha miti na mawe kabla hewa haijawaishia.

Neno moja juu ya baridi, kwa sababu jina la machipuko linadanganya. Usiku wa tarehe 29 kuamkia 30 Aprili 2018, wasafiri 14 waliokuwa kwenye ile njia mashuhuri ya skii kati ya Chamonix na Zermatt walinaswa na dhoruba eneo la Pigne d'Arolla, Uswisi. Hawakuiona nyumba ya kulala, na ilikuwa mita mia chache tu kutoka walipokuwa. Saba walikufa. Hakuna theluji iliyoporomoka hapo; upepo na baridi vilitosha. Dhoruba kama hiyo ikishapita, mlima hubaki na theluji mpya juu ya gamba la zamani, na jua la kwanza litakalolipiga tabaka hilo jipya ndilo la kuogopwa zaidi. Siku hiyo ya buluu baada ya dhoruba, ambayo kila mtu anaitamani, ipitishe ukiwa chini.

Wazazi mlioko huko, mtoto wako akikuaga Ijumaa jioni na kukwambia kesho anakwenda mlimani na rafiki zake, usimkataze kwa sababu tu wewe hukulelewa na theluji. Mlima ni mzuri na una mengi ya kumfundisha. Muulize wamesoma taarifa ya leo au ya juzi. Muulize nani ana sepetu. Halafu muulize saa ngapi watakuwa wameshashuka. Akikujibu saa tano asubuhi, mpe chai ya kubeba na umtakie heri. Akikwambia wataondoka wakishaamka na watarudi jioni, mwambie abaki nyumbani.